Msalaba wa Mama Agathe

Siku ile bandari ya Kalemie ilijaa hadi mbuzi wakakosa pa kusimama. Boti ya Moba ilikuwa inashusha maharagwe, watu wa pikipiki wanagombania abiria, na katikati ya vurugu hiyo Evodie alikuwa anatafuta nguzo yake. Alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa, buti za plastiki miguuni, hereni za dhahabu masikioni, na nguzo ile yenye namba aliisoma kila asubuhi ajue ziwa limepanda kiasi gani. Aliikuta imeinama kama mlevi. Mtu alikuwa ameifungia boti.

Mtu mwenyewe alikuwa Jovial, fundi wa moteri, shati limefunguliwa vifungo vitatu, mikono imejaa mafuta, meno meupe yasiyo na haya.

"Papa, umefunga boti yako kwenye kazi yangu."

"Samahani, Mama. Nilifikiri serikali njo imetuwekea pa kufungia. Nikasema, leo wametukumbuka."

Evodie alitaka kukasirika, akacheka. Wiki tatu baadaye Jovial ndiye aliyekuwa akimpeleka kupima maji, bila kuombwa, na kila asubuhi alipiga simu kuuliza ziwa limeamkaje, kisha ndipo aulize mpenzi wake ameamkaje. Evodie alilalamikia mpangilio huo. Jovial hakuubadilisha.

Mkoa ulikuwa unataka kujua nyumba zipi zihame kabla ya mvua. Evodie alipima, akachora mstari, na mzee Norbert, msimamizi wa vibarua wake, akapita na ndoo ya rangi nyekundu akipiga msalaba kwenye kila nyumba iliyo chini ya mstari huo. Siku ya tatu akaja mwenye baa moja ya ufukweni, muntu mukubwa, miwani nyeusi, akaomba mstari upinde kidogo tu pale kwake. Evodie alimjibu kwamba maji hayaangalii cheo.

Baadaye aliwaza sana juu ya hilo. Walioipasha dunia moto wako mbali na magari yao. Hapa mtaa mzima una pikipiki mbili, moja haina injini, na ndio watakaobeba magodoro kichwani. Hakuwa na dawa ya jambo hilo. Alichokuwa nacho ni mstari, na mstari ukishapindwa kwa mtu mmoja unabaki mchoro tu.

Jumapili akaenda kujitambulisha kwa Mama Agathe, mama yake Jovial, amevaa pagne ya kijani, na pagne nyingine mpya mkononi ya kumpa mama mkwe. Harufu ya samaki, mikebuka ya kukaanga, ilimpokea barabarani. Akasimama. Nyumba ya kushoto ilikuwa na msalaba, ya kulia pia. Ya Mama Agathe, katikati, ilikuwa safi kama sahani.

Jovial alimnong'oneza asante. Mama Agathe alikuwa ameshawaambia wanakwaya wenzake kwamba mkwe wake ana heshima. Kumbe ni adabu za Norbert: yeye aliona huwezi kumpaka mtu rangi mlangoni wiki ile ile bosi wako anayokwenda kula kwake. Kwenye ramani ya Evodie ilikuwa nyumba namba arobaini na moja, basi. Hakuwahi kuuliza ni ya nani.

Alikula matonge matatu ya bukari, akanawa.

"Mama, nyumba hii nayo iko chini ya mstari. Kesho itapakwa."

Nje, Jovial alimwambia bila kupandisha sauti, "Unamupa mama heshima mbele ya kwaya nzima, halafu unamunyang'anya mezani."

"Sikumupa. Norbert njo aliruka."

"Na weye hukujua? Mustari si wako?"

Jovial hakumwamini. Na kesho yake Evodie hakupaka. Alisingizia manyunyu, halafu uchovu wa Norbert. Asubuhi nne simu haikulia. Ziwa lilipanda bila kuulizwa limeamkaje. Siku ya tano mwenye baa akamtumia salamu: amesikia mstari unajua kupinda. Evodie akachukua ndoo mwenyewe.

Mama Agathe alikuwa amekaa mlangoni peke yake, amejifunga ile pagne ya zawadi.

"Wenzangu wamepita kwenda kwaya, hawakuniita," alisema. "Mulango wangu tu njo hauna kitu. Wanasema ziwa limekuwa shemeji yangu. Lete hiyo burosi."

"Mama, niachie mimi."

"Nitahama na wenzangu, mutoto wangu. Shika ndoo."

Akaupiga mwenyewe, mkono mmoja wa msalaba mrefu kuliko mwingine, tone moja likaangukia pagne mpya. Hapo simu ikalia.

"Ziwa limeamkaje?" Ni Jovial.

"Limepanda sentimita mbili."

"Na weye?"

"Mama yako amenishikisha ndoo."

"Ninawaona. Niko juu ya ngazi nyuma ya nyumba, natoa mabati. Norbert alikuja kuniungamia jana. Nisamehe, Evo." Akatupa bati moja chini. "Nimepata kiwanja kule mulimani. Chumba kimoja cha mama. Kingine chetu, ukikubali kuolewa na muntu wa moteri."

"Kiko mita ngapi juu ya maji?"

"Nakuomba ndoa, unaniuliza mita?"

"Nitakujibu nikishapima."

Jovial alimjua vya kutosha kulielewa jibu hilo. Alicheka hadi ngazi ikayumba, na Mama Agathe akapaza sauti kumwambia asianguke kabla hajajenga.