Dirisha Lililokula Shikamoo

Tumpe anaishi na bibi yake. Nyumba yao iko Tukuyu, kando ya njia. Ni nyumba ya zamani, na Tukuyu mvua haina likizo.

Bibi anaumwa mguu. Haendi mbali. Mchana kutwa anakaa kwenye kiti chake, pale dirishani.

Watu wakipita, wanamwona.

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba! Nenda salama!"

Bibi anafurahi. Shikamoo ndiyo chai yake ya pili.

Lakini dirisha lenyewe limechoka. Mbao zimeoza. Komeo limekatika, limefungwa kwa kamba.

Usiku upepo unakuja. Ko-ko-ko! Fyuuu! Baridi inaingia, na Bibi anakohoa. Koho! Koho!

"Hili dirisha sasa basi," akasema Bibi. Akamwita Fundi Ambakisye.

Fundi akaja na nyundo na tindo. Ko! Ko! Kwaa! Dirisha la zamani likatoka.

Ukutani likabaki tundu kubwa. Kuku akachungulia ndani.

"Na wewe nani kakukaribisha?" akasema Fundi. "Shii!"

Kisha akapachika dirisha jipya. Ni la kioo cheusi, tena linang'aa. Ni la kusukuma. Srrr, linafunguka. Srrr, linafungwa.

Tumpe akasukuma. Akasukuma tena. Srrr! Srrr! Srrr!

"Jamani, Tumpe," akasema Fundi, "liache lipumzike!"

Asubuhi Bibi akakaa kwenye kiti chake. Dirisha lilikuwa limefungwa. Bibi akatazama nje, akangoja.

Mama Ipyana, muuza maziwa, akapita. Kimya.

Watoto wa shule wakapita. Kimya.

Bibi akahuzunika. Hata chai hakuimaliza.

"Tumpe," akauliza, "watu nimewakosea nini?"

Tumpe akalikazia macho dirisha.

"Bibi! Hili dirisha linakula shikamoo!"

Akatoka mbio. Mama Ipyana alikuwa anarudi na ndoo tupu.

"Shikamoo, Mama Ipyana! Mbona leo hujamwamkia Bibi?"

"Marahaba, mwanangu. Kwani Bibi yupo? Simwoni! Nikajua amesafiri."

Tumpe akageuka. Ni kweli, Bibi haonekani! Kwenye kioo yupo Tumpe peke yake, na kamasi puani.

Kumbe! Ukiwa ndani, unaona nje. Ukiwa nje, huoni ndani.

Tumpe akajifuta kamasi, akarudi ndani. Akasukuma kwa nguvu zake zote. Srrr!

"Haa! Huyu hapa!" akasema Mama Ipyana. "Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba! Marahaba!" Bibi akaitika mara mbili, maana alikuwa na njaa ya shikamoo. "Nenda salama!"

Jioni mvua ikanyesha. Upepo ukaja. Tumpe akasukuma dirisha. Srrr, likafungwa.

Hakuna ko-ko-ko. Hakuna fyuuu. Bibi hakukohoa hata kidogo.

Tumpe akajifunika blanketi.

"Mbona hujaliamkia dirisha letu?" Bibi akamtania.

"Aa, Bibi! Dirisha ni dogo kwangu. Limekuja jana tu. Liniamkie lenyewe!"

Bibi akacheka. Tumpe akangoja. Dirisha likakaa kimya.

"Marahaba," akasema Tumpe, akalala.