Kifuniko Alichogusa Bibi

Siku Baba anapolihudumia gari, hakuna anayelala nyumba ile. Boneti hufunguliwa kwa kishindo, sanduku la spana huburutwa sakafuni, kisha Baba huanza kuimba wimbo ambao hayajui maneno yake. Mama husema afadhali mlio wa injini, maana huo angalau unazimika.

Gari lenyewe waliliita Kobe. Lilikuwa kuukuu, rangi imebabuka, na mlango mmoja wa nyuma ulifunguka kwa ndani tu. Baba alikuwa seremala, na ndilo lililombebea mbao, meza na viti vya wateja. Alilitengeneza mwenyewe bandani, nyuma ya nyumba, na msaidizi wake alikuwa binti yake wa darasa la sita. Baba alimwita Nati, kwa kuwa alikuwa mdogo na kila akihitajika haonekani.

Baba alikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Anayefunga kitu garini lazima aseme kwa sauti, "Nimefunga!" Mtu mwingine lazima aje akiguse kitu hicho na kujibu, "Nimegusa!" Bila hivyo boneti haishuki. Sheria hiyo ilizaliwa siku gurudumu lilipochomoka njiani, kwa sababu Baba alidhani Mama amekaza nati, na Mama alidhani Baba amekaza.

Mgusaji mkuu alikuwa Bibi, mama yake Baba. Macho yake yalikuwa yamezibwa na mtoto wa jicho, akawa haoni ila mwanga na kivuli. Lakini vidole vyake vilikuwa hodari. Alivijua vifuniko vya Kobe kama anavyovijua vifungo vya gauni lake, ingawa kazi zake hakuzijua zote, na kama kimoja kimekaa upande alisema papo hapo, "Hiki kimelewa, kifungeni upya!"

Asubuhi ile Baba alikuwa na haraka. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja kwa siku chache katika hospitali ya ng'ambo ya bonde, na mchana huo ilikuwa zamu ya Bibi kupasuliwa. Aliyekosa zamu angesubiri mpaka madaktari warudi, na hakuna aliyejua watarudi lini. Bibi alikuwa ameamka mapema kuliko jogoo. Alishavaa gauni lake la safari, akakaa barazani na mkoba mapajani.

"Nati," aliita, "wakinifungua bandeji, uso wa kwanza ninaotaka kuuona ni wako. Usije ukaniwekea mwingine mbele!"

"Nitasimama mbele kabisa, Bibi," Nati alijibu. Alifurahi mpaka akacheka peke yake.

Baba alilitoa tairi la akiba na kulibingirisha hadi langoni. "Napeleka hili likajazwe upepo," alisema. "Injini ingali baridi, kwa hiyo angalia maji ya rejeta. Pima oili. Jaza maji ya kuoshea kioo. Mafuta ya breki usiguse, nitayaangalia mwenyewe. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

"Sema tena."

"Mafuta ya breki nisiguse."

Baba hakuwa hata amefika mbali wakati kichwa kilipochomoza juu ya ukuta. Kilikuwa cha mtoto wa jirani, mvulana wa darasa la Nati, ambaye kila mtu alimwita Redio kwa sababu hakuwa na swichi ya kuzimia.

"Ahaa! Fundi wa kushika tochi!" alisema.

"Nani, mimi?"

"Sasa nani tena? Kila siku, 'Nati lete spana, Nati shika tochi.' Kumwaga maji nako ni ufundi? Hata kuku wa mama yangu angeweza."

"Nyamaza wewe! Naweza kufanya kila kitu hapa."

"Hata breki?"

Angesema hapana, maneno yangeishia hapo. Lakini maneno ya Redio yalikuwa yamemchoma, na mtu aliyechomwa hapendi kusema hapana.

"Hata breki," alisema.

Kwenye rafu ya banda kulikuwa na chupa za plastiki zilizowahi kuwa na sharubati. Katika nyumba ile hakuna chupa iliyotupwa. Kopo la mafuta ya breki lilipoanza kushika kutu, Baba aliyahamishia kwenye chupa moja. Mama, aliyekuwa mshonaji, naye alitia mafuta yake ya cherehani katika chupa ya namna ile ile, na jana yake, alipokuwa akifagia chumba cha kushonea, aliiweka rafuni kwa muda. Hakuna chupa iliyoandikwa kitu, na mafuta yote mawili yalikuwa na rangi ya manjano iliyopauka. Nati alichukua ya mbele.

Alifungua kifuniko kidogo cha kikopo cha breki, akamimina taratibu mpaka kwenye alama ya juu. Redio alipiga mluzi wa kusifu, na Nati akaona raha moyoni.

"Nimefunga!" aliita kwa sauti kubwa.

Bibi alikuja na fimbo yake, akapitisha mkono juu ya injini. Aligusa cha rejeta, akagusa cha oili, kisha vidole vikasimama.

"Na hiki kidogo nacho umekifungua? Ni cha nini?"

Nati alimtazama Redio, kisha akautazama mkono wa Bibi. "Cha maji ya kioo, Bibi," alisema.

"Haya. Nimegusa." Bibi alikipapasa kifuniko kwa upole, akarudi barazani akiimba wimbo ule ule wa Baba, naye pia bila maneno.

Hakuwa amewahi kumdanganya Bibi. Uongo kwa mtu asiyeona ni mwepesi mno kusema, na ndiyo maana ulimlemea.

Muda si mrefu Mama alipita rafuni, akainua chupa ya mbele na kuirudisha. "Nani kachukua mafuta yangu ya cherehani? Chupa niliiacha imejaa!"

Mama alipoondoka, Nati alikimbia rafuni, akazitazama chupa mbili. Baba aliwahi kumfundisha kwamba mafuta ya breki huchanganyika na maji, ila mafuta ya mashine huelea. Alijaza maji katika gilasi, akadondosha tone kutoka chupa ya nyuma. Tone lilipotea. Alibadilisha maji, akadondosha tone kutoka chupa aliyoitumia. Lilibaki juu, duara, likimtazama kama jicho.

"Redio," alinong'ona, "nimetia mafuta ya cherehani kwenye breki."

Redio naye alishusha sauti. "Mafuta si mafuta tu? Ukisema, baba yako hataondoka. Bibi yako atakosa zamu. Nyamaza, waende, warudi, ndipo useme."

Maneno hayo yalikuwa mabaya kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Nati alimwona Bibi barazani, mkoba mapajani, uso umeelekea langoni. Akisema, safari itakufa kwa mkono wake. Asiposema, njia ya hospitali ilikuwa na mteremko mrefu, wenye kona, na daraja jembamba chini.

Baba alirudi akihema. Kazi ya upepo ilikuwa na foleni, na muda ulikuwa umekwenda. Alikitupia jicho kikopo cha breki akiwa amesimama. "Kumbe hayajapungua," alisema. "Vyote vimefungwa?"

"Vimefungwa," Nati alijibu kwa sauti ndogo.

"Vimeguswa?"

"Nimegusa vyote, mwanangu," Bibi alisema. "Twende zetu, nisije nikazeekea hapa!"

Boneti ilishuka. Mama alikaa mbele, Nati na Bibi wakakaa nyuma. Bibi alimshika mkono mjukuu wake.

"Mbona mkono baridi? Unaogopa kwa niaba yangu?" Bibi alicheka. "Usiogope. Gari hili sina wasiwasi nalo. Nimeligusa mwenyewe."

Hapo Nati hakuweza tena. Baba alikuwa ameshika ufunguo, na mguu ulikuwa unakwenda kwenye pedali.

"Baba, usikanyage breki! Usikanyage!"

Mguu wa Baba ulibaki hewani. Nati alisema yote kwa mkupuo, huku machozi yakimtoka: chupa, tone lililoelea, na kifuniko alichomdanganya Bibi. Hakumtaja Redio hata kidogo.

Baba alitoka garini. Alifungua boneti, akachovya ncha ya kijiti kwenye kikopo, akakisuuza katika gilasi ya maji. Mafuta yalielea juu. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Unajua yangefanya nini?" aliuliza. "Ndani ya breki kuna mipira midogo. Mafuta haya huivimbisha. Pengine tungefika salama. Pengine wakati wa kurudi, pale mteremkoni, ningekanyaga pedali na isinisikie."

"Mungu wangu!" Mama alisema. "Na Bibi yumo ndani! Mtoto wewe, nati zako zimelegea?"

"Mama Nati, subiri kwanza," Bibi alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nati, nilikuuliza, ukanijibu cha maji ya kioo."

"Nisamehe, Bibi. Na sasa utakosa zamu kwa ajili yangu."

Bibi aliuachia mkono wa Nati.

"Zamu bado haijapita," Bibi alisema. "Una miguu. Itumie."

Nati alipanguza machozi na kukimbia kwa jirani. Mama yake Redio alikuwa na pikapu ya kusambazia mayai, naye ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kuipakia. Nati hakuzungusha maneno. Alisema, "Shikamoo Mama. Nimeharibu breki za gari letu kwa kutosikia nilichoambiwa, na Bibi anatakiwa hospitali sasa hivi. Nakuomba utusaidie."

Mwuza mayai alimtazama, akachukua ufunguo. "Mwanangu, ungesema gari limeharibika tu, bado ningekuja," alisema. "Lakini nimependa ulivyosema."

Redio alikuwa mlangoni. Aliinamisha kichwa. "Mama, mimi ndiye niliyemchokoza. Tena nilimwambia anyamaze."

"Wewe na mimi tutazungumza nikirudi," mama yake alisema. "Kwa sasa panguza viti."

Pikapu ilikuwa na nafasi tatu tu mbele: dereva, Bibi na Mama. Nyuma kulikuwa na trei za mayai hadi juu. Nati alimsaidia Bibi kupanda, akafunga mlango, akabaki njiani mpaka vumbi likatua. Uso wa kwanza hautakuwa wake. Alilia kidogo, kisha akarudi bandani, kwa sababu Baba alikuwa tayari amekunja mikono ya shati.

Walifanya kazi mchana kutwa. Kwa kuwa pedali haikuwa imekanyagwa, mafuta ya cherehani yalikuwa bado yanaelea juu kwenye kikopo. Baba aliyafyonza kwa bomba la sindano, akakifungua kikopo chote, Nati akakiosha kwa spiriti na kukikausha hadi kiking'aa. Fundi wa gereji ya jirani alikuja kuikagua mipira, akasema haijavimba. Kisha wakatia mafuta mapya, na ili kutoa hewa mabombani Nati akakaa kwenye kiti cha dereva huku Baba akiwa amelala kando ya gurudumu na spana.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shikilia! ... Achia!"

Wakafanya hivyo gurudumu kwa gurudumu, mpaka mafuta yakatoka masafi bila mapovu, na mguu wa Nati ukawa unauma. Baba alipotoka chini ya gari, alikuwa na mafuta hadi masikioni. Alikaa chini karibu na binti yake.

"Na mimi nina kosa," alisema. "Nimetia mafuta ya breki katika chupa ya sharubati bila kuandika. Kisha nikatazama kikopo kwa haraka badala ya kukifungua. Lete kalamu." Waliandika vibandiko kwa herufi kubwa, wakabandika kwenye kila chupa, na ya Mama ikarudishwa chumba cha kushonea.

Siku iliyofuata Kobe lilikwenda hospitali kumchukua Bibi na Mama aliyelala naye, Baba akijaribu breki kila baada ya muda kidogo hadi Nati akapata kizunguzungu. Bibi alitoka wodini mwenyewe, bila fimbo. Alisimama, akamkazia macho Nati kwa muda mrefu.

"Uso wa kwanza niliouona ni wa daktari, una masharubu kama ufagio," alisema. "Wa pili ni wa mama yako. Wewe umekuwa wa tatu. Lakini njoo hapa, mama yangu, maana ndiwe mzuri kuliko wote!"

Nati alijificha kifuani mwake. Kisha Bibi aliinua kichwa, akaliona gari.

"Ndilo hili?" alishangaa. "Miaka yote nalipapasa, kumbe liko hivi! Mngeniambia, nisingelipanda!"

Wote walicheka, hata Baba. Lakini Bibi hakupanda. Alimwambia Baba afungue boneti pale pale, akamwita Nati karibu.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Kosa ni hivyo hivyo. Kila mtu hukosea, hata baba yako. Ila kosa lililosemwa linatengenezwa kwa spana, na kosa lililofichwa linatusubiri mteremkoni. Ulichelewa kusema, lakini ulisema kabla mguu haujashuka. Ndiyo maana leo nakuona. Sasa, hiki kidogo ni cha nini?"

"Cha mafuta ya breki, Bibi," Nati alisema. "Nimefunga."

Bibi alikipapasa kifuniko kwa vidole vyake vya siku zote. Kisha akainama, akakitazama kwa macho yake mapya.

"Nimegusa," alisema. "Na nimeona."

Baba akashusha boneti.