Jalada la 318

Nimia Cantero alifungwa siku kumi na tisa kwa sababu ya mstari mmoja wa herufi ndogo. Aliyeuandika ni mwanamume aliyempenda.

Walikutana stesheni ya treni ya Asunción, saa nne asubuhi, upepo wa kaskazini ukivuma ule wa kuumiza vichwa. Watu walisukumana kwa mama muuza chipa, ile mikate ya wanga wa muhogo na jibini. Mwanamume mwenye suti nyeupe akanunua wa mwisho.

"Dokta, umechukua chakula changu," sauti ikasema nyuma yake.

Akageuka. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, gauni la bluu, kola ya lesi nyembamba kama utando wa buibui.

"Umejuaje mimi ni dokta?" Huko hata mawakili huitwa madokta.

"Suti nyeupe siku ya upepo huu? Ama dokta, ama marehemu."

Akacheka, akaukata mkate katikati. "Eligio Samaniego. Wakili. Jumamosi naandika historia."

"Nimia. Natunza makaratasi ya zamani ya serikali. Panya wanayasoma kuliko madokta."

Jumatatu Eligio alikuwa mlangoni kwake, kofia mkononi, anaomba karatasi ambazo hakuzihitaji. Alikuja miezi minne. Mchana walikunywa terere, chai ya baridi ya majani machungu, kwa pembe moja na mrija mmoja, miguu juu ya masanduku.

"Huna kesi leo?" Nimia angeuliza.

"Ninayo. Nashtakiwa kwa uzururaji."

"Basi umeshindwa. Lete maji."

Siku moja Nimia alifunga mlango kwa ufunguo. Akatoa furushi lililofungwa kwa ukanda wa ngozi, alilolikuta nyuma ya kabati. Ndani mlikuwa na amri ya kuua wanawake arobaini na mmoja mwishoni mwa vita vile vikubwa vya miaka tisini nyuma, wakiitwa wasaliti. Majina yote yalikuwemo. Aliyetia saini alikuwa kanali ambaye sasa anasimama uwanjani, sanamu ya shaba, na mjukuu wake ni waziri. Jina la tisa lilikuwa Dolores Cantero, mama mzazi wa babu yake Nimia.

"Waandike wote, asibaki hata mmoja," Nimia alisema. "Mimi usiniandike."

"Naapa."

Eligio alinakili kila kitu kwa mkono wake. Nimia akabandika karatasi ndogo juu ya furushi, akaliandika nambari 318, akalirudisha nyuma ya kabati.

Mwaka huo Eligio akapelekwa Buenos Aires, mshauri wa ubalozi. Ilisemwa kwamba akitulia atakuwa balozi. Kila Jumamosi alasiri alipiga simu duka la dawa la shangazi yake Nimia.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe umenenepa, nasikia hata kwenye simu."

Mtu akakohoa kwenye waya. Hakuwa yeye, hakuwa Nimia.

"Umemsikia?" Nimia akauliza taratibu.

"Nani huyo?"

"Wenye nyayo za manyoya." Ndivyo watu wanavyowaita wapelelezi, kwa kuwa huwasikii wakija.

Eligio hakutulia. Alichapisha makala ndefu katika jarida la huko, akimtaja kanali na amri yake. Majina arobaini na moja aliyahifadhi kwa ajili ya kitabu. Jumamosi iliyofuata Nimia ndiye aliyepiga.

"Ukurasa wa kumi na saba, chini kabisa. Umeandika nini pale?"

"Chanzo. Bila chanzo historia ni umbea, mama. Jina lako halimo popote. Nimeweka nambari ya jalada tu."

Nimia akashusha sauti.

"Eligio. Nambari ile niliiandika mimi. Orodha ya serikali inaishia 317."

Kikohozi kikasikika tena. Kisha simu ikakatika.

Kosa la namna hiyo hufanywa na wasomi peke yao. Aliwasoma waliokufa miaka tisini iliyopita, hakujiuliza ni mkono wa nani unaoandika nambari juu ya furushi.

Jumamosi iliyofuata shangazi alisema, "Hayupo." Na iliyofuata. Eligio akadhani amenuniwa. Baadaye akadhani kuna mwanamume mwingine, akaandika barua ya hasira kama kijana. Jumamosi ya tatu shangazi akasema, "Nimia hali nyumbani siku hizi, baba. Anapelekewa chakula."

Wakili hahitaji kuambiwa mara mbili nani hupelekewa chakula. Alipanda ndege siku hiyohiyo.

Ofisa wa polisi aliyempokea Asunción alikuwa mpole, ana feni nzuri na kalamu nzuri.

"Sisi si watu wabaya, dokta. Andika kwamba jalada halikuwepo. Ulilitunga wewe. Utuletee na nakala zako."

"Zote?"

"Bibie ana joto kule chini. Zote."

Alisaini saa tano asubuhi, akakabidhi na nakala. Saa tisa Nimia akatolewa, akapewa siku mbili avuke mto asirudi.

Walionana kwenye kivuko. Gauni lilikuwa lilelile la bluu, kola imechanika. Nywele walizikata.

"Usinitazame hivyo," alisema. "Nywele zinaota. Ulisaini nini?"

Akamwambia.

"Na wale arobaini na mmoja?"

"Niliwatunga."

Nimia alitazama maji ya kahawia. "Mimi sikusema, Eligio. Siku kumi na tisa, sikusema walipo."

"Nilikuapia viapo viwili. Kimoja nilikivunja bila kujua. Cha pili nilikivunja nikijua, na ningekivunja tena kesho."

"Ndilo linaloniuma."

"Nioe hivyohivyo."

"Mwanamke ndiye huolewa, dokta." Karibu atabasamu. "Nitaolewa nawe. Lakini usiniombe msamaha na ndoa siku moja."

Walifunga ndoa Clorinda, ng'ambo ya mto, mashahidi wawili wauza viazi. Kufika pale Eligio alilipa leseni ya uwakili, ubalozi, na jina lake. Vitabu vya shule leo vikimtaja vinasema mzushi. Nimia alilipa kazi, nchi, na meno mawili. Furushi lilitafutwa mpaka likapatikana, likachomwa. Kanali bado yuko uwanjani.

Kila Jumapili hukaa mezani na pembe ya terere katikati, wanajaribu kukumbuka majina. Dolores Cantero walimwandika kwanza. Mpaka sasa wamepata ishirini na sita. Kumi na watano hawajapatikana.