Ng'ombe wa Posa Aliyeandikiwa Wafanyakazi

Katika kampuni ya Obadiah Mwakio hapakuwa na mtu asiyeijua kanuni hii: chakula na burudani ya wafanyakazi ni gharama ya kampuni, lakini karamu ya nyumbani hulipiwa na mwenye nyumba. Mable, mhasibu wao, aliirudia kila mwaka kabla ya kufunga hesabu. Gharama ya kampuni hupunguza faida, na faida ikipungua, kodi hupungua pia. Kwa hiyo anayeiandikia kampuni karamu ya jamaa zake anaiibia serikali, yaani anatuibia sisi sote. Obadiah mwenyewe alikuwa akiitikia kwa kichwa.

Kampuni hiyo ndogo ya Voi ilijenga nyua za umeme za kuwazuia ndovu wasiingie mashambani. Vijana wake walikuwa Kasigau wakisimamisha nguzo, naye Obadiah alikuwa ameomba kandarasi ya awamu ya pili ya kazi hiyo. Bila kandarasi hiyo kampuni ingefungwa. Na bila cheti cha kuthibitisha kwamba kodi imelipwa sawasawa, kandarasi isingepatikana. Hilo nalo alilijua.

Siku ambayo binti yake Shanice aliposwa, nyumbani kwake Wusi, juu vilimani, palikuwa pametulia kama kanisa kabla ya ibada. Ukungu ulikuwa ukipanda bondeni, na mkewe, Peris, alikuwa akiponda kimanga cha mihogo na maharagwe pamoja na wanawake wa jumuiya huku wakiimba kwa sauti ya chini. Obadiah akafika na gari, akaanza kushusha makoti ya kazi ya rangi ya machungwa yenye jina la kampuni mgongoni.

"Baba Shanice, haya ni ya nini?" Peris aliuliza.

"Wageni wayavae kabla ya picha. Na kitambaa hiki kifungwe mlangoni."

Kitambaa kilikuwa kimeandikwa: SIKUKUU YA WAFANYAKAZI.

"Lakini wafanyakazi wako Kasigau!"

"Wataweka sahihi kwamba walikuwa hapa. Unajua huyu ng'ombe na haya mahema yamenitoa pesa ngapi? Wewe endelea na kimanga chako."

Wageni walipofika, koti la kwanza alipewa Ronald, ndugu yake Peris. Katika ukoo wao hakuna neno la posa linalosemwa kabla ya mjomba kusema. Ronald alilitazama, kisha akalitupa chini.

"Mimi mjomba wa bibi arusi, unanivisha koti la kuchimba mashimo? Mvishe babako!"

Mzee Munyoki, baba wa kijana aliyeposa, alilishika lake kwa vidole viwili. "Mkwe," alisema, "sisi tumekuja kuoa ama tumekuja kuandikwa kazi? Kama ni kazi, tuambie mshahara kabisa."

Watu walicheka, na kicheko hicho kilimchoma Obadiah kuliko tusi. Hata hivyo hakurudi nyuma. Alisema nyama haitapakuliwa mpaka picha ipigwe. Wazee wenye njaa wakavaa. Ronald akaondoka bila kuonja kitu, na neno la posa likabaki halijasemwa.

Ndugu msomaji, hapo bado angeweza kutubu. Alichofanya ni kwenda Kasigau na karatasi ya sahihi.

Nyongesa, msimamizi wa vijana, aliisoma akiwa amesimama juani. "Bosi, hii karamu ni gani? Sisi hiyo siku tulikula sukuma, na unga ukatuishia."

"Unataka kazi ama hutaki?"

Waliweka sahihi wote, mmoja baada ya mwingine, bila kumtazama usoni. Mable alipokataa kuiingiza gharama ile katika hesabu, akimkumbusha kwamba ng'ombe aliliwa na wakwe, Obadiah alimfukuza kazi na kuiandika kwa mkono wake mwenyewe.

Alipoomba cheti, ofisi ya kodi ilimtuma afisa ofisini kwake Voi kuuliza juu ya gharama hiyo kubwa. Obadiah alimwonyesha picha kwa tabasamu.

"Hawa ndio wajenzi wa nyua?" afisa aliuliza.

"Ndio hao, Madam. Vijana wangu wa kazi."

"Huyu mzee mwenye bakora pia husimamisha nguzo?"

Obadiah alianza kuirudisha picha kwenye faili. Nyongesa alikuwa uani akingoja mshahara uliochelewa. Afisa akamwita, akamuuliza alikula nini katika sikukuu hiyo.

"Madam, ng'ombe wa bosi mimi nilimla kwa kalamu tu."

"Nyongesa! Mimi ndiye ninakulisha!"

"Unanilisha? Waulize hao vijana kama waliona hata mfupa."

Gharama ikakataliwa. Kodi ikadaiwa pamoja na faini na riba, na cheti kikazuiliwa hadi deni lilipwe. Obadiah alipanda Wusi kumwomba Ronald mkopo.

"Kakope kwa wafanyakazi wako wa ile picha," Ronald alimjibu, akafunga mlango.

Nyumbani Peris hakumpa faraja. "Ungemlipia ng'ombe wa binti yako kutoka mfukoni, leo ungekuwa na kampuni na shemeji pia. Sasa huna hata kimoja."

Obadiah aliuza lori la kampuni, lile lililobeba nguzo. Lakini hata kabla halijapata mnunuzi, kandarasi ya awamu ya pili ilikuwa imekwisha kupewa kampuni nyingine. Nyongesa na vijana wake wanafanya kazi huko sasa.

FUNZO

Enyi wenye kampuni ndogo katika vilima hivi na kule chini Voi, sikieni. Sheria haikukatazi kuwakirimu wafanyakazi wako. Wapikie, wachinjie, uandike ulichotumia. Wala haikukatazi kuwafanyia wakwe karamu kwa fedha zako. Inakukataza kulisha jamaa zako kwa jina la watu uliowaacha na njaa. Anayefanya hivyo ni mwizi mara mbili, na asitafute jina la heshima zaidi ya hilo. Obadiah alitaka kuokoa kodi ya ng'ombe mmoja. Amelipa kodi ile, faini na riba, yote kamili. Cheti chake kimetoka, nacho kimetundikwa ukutani katika ofisi isiyo na mfanyakazi hata mmoja.