Kichuguu cha Magdalena

Jua lilikuwa limeshagusa vilima vya upande wa Burundi Ernesta alipobeba dumu na kuteremka kijitoni. Safari fupi tu, kuchota maji ya kuongezea kwenye maharage. Nyuma yake aliacha turubai la bluu limeshafungwa kwenye miti, moto umeshika, na mumewe Kazimili akitaniana na Audax kama kawaida yao.

"Msukuma akiona majani anaona ng'ombe," Audax alikuwa akisema. "Leo tumefuata kitoweo, sahau malisho."

"Na Mhangaza asipoona mgomba anadhani amepotea njia," Kazimili akajibu, na wote wakacheka.

Familia hizi mbili zilikuwa na mazoea ya kupiga kambi pamoja. Majirani wa Ernesta kule Runazi walimwona kituko, mtu ana nyumba ya bati halafu anakwenda kulala chini ya turubai kwa hiari yake. Yeye hakujali. Masika waliingia msituni kutafuta uyoga. Kiangazi, Kazimili alipowapeleka ng'ombe bondeni, Audax na mkewe Domisiana walitoka Rulenge na mikungu yao ya ndizi wakaenda kukaa nao huko. Na vuli ilipokaribia ilikuwa zamu ya kumbikumbi, huku Murusagamba, kwenye pori la ukoo wa Domisiana.

Ernesta alizipenda kambi hizi kwa sababu ya Wema. Binti huyo alizaliwa baada ya mimba nyingi kutoka, wakati mama mkwe ameshaanza kumtafutia Kazimili mke mwingine. Sasa alikuwa na miaka minane. Nyumbani alikuwa mkimya, lakini porini alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Ernesta hakuwa na mtoto mwingine, wala hakutarajia mwingine.

Alikuwa amejaza dumu nusu aliposikia mlio.

Ti-ti-ti-ti-ti-ti...

Hakushtuka. Ndivyo kumbikumbi wanavyotegwa. Unaweka ubao mkavu juu ya kichuguu, unaugonga kwa vijiti haraka haraka bila kupumzika, na wadudu kule chini wanadhani mvua imeshuka. Wanatoka wenyewe, wanatumbukia kwenye shimo ulilowachimbia.

Lakini mlio ulitoka upande mwingine, ng'ambo ya vichaka, wakati kichuguu chao kilikuwa karibu na turubai. Halafu pakanuka udongo uliolowa. Ernesta alitazama juu. Mbingu ilikuwa kavu, haina hata wingu.

Alijitwika dumu, akapanda upesi.

Kambini alimkuta Domisiana amesimama, mwiko mkononi, akisikiliza. Audax alikuwa ameketi kando ya kichuguu chao, vijiti viko chini.

"Mama Wema," Domisiana akasema kwa sauti ya chini. "Hukukutana na wenzako?"

"Si niliwaacha hapa?"

"Baba Wema alisema anakwenda kutafuta kichuguu kikubwa zaidi. Amekwenda na mtoto." Akatupa mwiko. "Hukumwona na kijiti chenye ganda la mgomba?"

Ernesta hakujua kijiti gani. Domisiana hakungoja jibu, alikuwa ameshatimua mbio.

Walimkuta Kazimili anang'aa kwa furaha. Ndoo ilikuwa imejaa mpaka kumbikumbi wanamwagika. Kichuguu chenyewe kilikuwa kirefu kumpita mtu, na Wema alikuwa amepiga magoti ubavuni mwake, anagonga ubao kwa vijiti viwili.

"Mnaona mvuvi wa nchi kavu!" Kazimili akapaza sauti. "Haya mama, inatosha. Pumzika."

Wema hakupumzika.

"Wema, baba amesema inatosha," Ernesta akamwambia.

Ti-ti-ti-ti-ti...

Mtoto akageuza uso. Ulikuwa umelowa machozi.

"Mama... mikono haitaki."

Ernesta alimpokonya vijiti akavitupa vichakani. Mikono ya Wema ikaendelea, ikipiga ubao kwa vidole vitupu. Akauondoa ubao. Mikono ikapiga mapaja. Alipomkumbatia, vidole vikamgonga kifuani, kwa kasi ile ile, vya moto kama vimetolewa jikoni. Audax, mwanaume anayenyanyua gunia la mihogo peke yake, aliibana mikono hiyo kwa nguvu zake zote. Ikatulia.

Ndipo wakasikia kule chini.

Ti-ti-ti-ti-ti...

Ndani ya kichuguu. Chini ya magoti yao.

Audax aliachia mikono kwa hofu. Wema akaanza tena kugonga, na kule chini kukanyamaza.

"Ulikuta kijiti kimechomekwa hapa juu?" Domisiana akamuuliza Kazimili. Alikuwa akinong'ona.

"Nilikikuta. Kimezungushiwa ganda la mgomba, kimezeeka. Nikakivunja vipande viwili, nikampa mtoto agongee." Kazimili akatazama huku na huku. "Hapakuwa na nyayo za mtu hata moja. Kwetu kitu kikiachwa porini namna hiyo, ni cha anayekiokota."

"Kwetu sivyo!" Domisiana akashika kichwa. "Kila kichuguu huku kina mtu wake, na kijiti ndicho alama yake. Hata akifa hakitolewi mpaka ndugu zake waje. Na hiki ni cha Magdalena, na Magdalena hana ndugu. Alifariki kiangazi hiki hiki. Waliomwosha wanasema mikono ilikuwa bado inatembea."

Kazimili akachuchumaa chini.

Ernesta hakutaka kusikia zaidi. Alimbeba mwanawe akakimbilia pikipiki waliyokuja nayo. Hospitali iko Rulenge, barabara ni mbovu, lakini angefika hata kwa kutambaa. Kazimili akawasha, Ernesta akampakata Wema katikati yao, wakaondoka wakirushwa na mashimo.

Hawakufika mbali. Vidole vilivyokuwa vikimgonga tumboni vikapoa. Ernesta akashukuru Mungu... kisha akasikia mtoto anavuta hewa kwa shida. Akamulika tochi. Midomo ya Wema ilikuwa imepauka. Kila walivyosonga mbele, pumzi ilizidi kuwa fupi.

"Geuza!" akapiga kelele. "Geuza, atanifia mikononi!"

Walipokikaribia kichuguu, Wema akavuta pumzi ndefu. Wakamrudishia ubao, na mikono ikaanza tena kuugonga. Ngozi ya vidole ilikuwa imechubuka sasa, na ubao ulikuwa na madoa ya damu.

Domisiana alikuwa na rozari, anasali bila kukoma. Audax alimwagia kichuguu maji, akakiombea msamaha kwa Kihangaza, akakirudishia kumbikumbi wote wa kwenye ndoo. Hakuna kilichosaidia. Ernesta alihisi akili inataka kumtoka. Kumwondoa mwanawe ni kumuua, na kumwacha pale ni kumwangalia akifa polepole. Alipiga magoti, akaomba kwa Mungu wa kanisani, akaomba na kwa wazee wa kwao Shinyanga ambao tangu aolewe hakuwahi kuwataja.

Harufu ya udongo uliolowa ikazidi.

Tochi ikafifia.

Upande wa pili wa kichuguu kulikuwa na mtu ameketi.

Bibi mmoja mwembamba, amejifunika kitenge mpaka kichwani. Hakuna aliyemwona akija. Mikono aliificha ndani ya kitenge, na kitenge kilikuwa kikitikisika.

"Shikamoo, Bibi," Ernesta akasema. Mazoea tu, mdomo ulijisemea.

Bibi hakuitikia. Mkubwa gani huyo asiyesema marahaba?

"Nani kampa mtoto kijiti changu?" Sauti ilikuwa ya chini sana, kana kwamba anaongea akiwa amefunikwa na kitu.

Ernesta akamtazama mumewe. Kazimili alikuwa ameinamisha kichwa.

"Nani?"

"Nilichukua mwenyewe, Bibi," Wema akajibu huku akigonga. "Si baba."

Moyo wa Ernesta ukapasuka. Mtoto wa miaka minane anamkinga baba yake, na baba mwenyewe yupo, mzima, ana miguu na mdomo! Aliendelea kumtazama Kazimili. Alimpa nafasi. Kazimili akarudi nyuma hatua moja, halafu nyingine.

"Mwachie, Bibi," Ernesta akanong'ona. "Nakusihi. Ndiye huyo tu niliye naye."

"Siwezi kumwachia, mwana wanje, mwanangu. Hata mimi sikuachiwa." Kitenge kikatikisika. "Kichuguu hakikai bila mpigaji. Mwingine akitaka kwa moyo wake, aombe. Anapewa."

"Nipe mimi."

"Mama Wema, hapana!" Domisiana akamdaka kanga.

"Nipe mimi!"

Wema akaanguka ubavu, mikono imelegea, usingizi umemchukua hapo hapo. Na Ernesta akahisi joto linampanda kutoka kwenye kucha mpaka kwenye viwiko, likakaa. Vidole vyake vikaenda kwenye ubao.

Upande wa pili hapakuwa na mtu. Majani aliyokalia Bibi yalikuwa yamelala.

Aligonga hadi mvua ya kweli iliponyesha, alfajiri, mvua kubwa ya kwanza ya vuli. Matone yalipoanza kupiga ubao, mikono ikamwachia. Walikusanya turubai, wakaondoka.

Wema alipona vidole, akarudi shule. Masika walipokwenda uyoga alicheka kama zamani, na Ernesta akamtazama mpaka machozi yakamlenga. Mikono yake mwenyewe Ernesta ilikuwa mizima. Alipika, alilima, alisuka nywele. Kazimili alimnunulia kitenge kipya bila kuombwa, akawa anachota maji mwenyewe, jambo ambalo kwa mwanaume wa kwao ni kioja. Lakini kuhusu siku ile hakusema kitu, na Ernesta hakumuuliza. Kuna mambo mwanamke akishayaona kwa mumewe hayahitaji kuulizwa.

Kiangazi, bondeni, wakati ng'ombe wamelala na wanaume wamekwenda kuchota chumvi ya mifugo, Domisiana alimpa kile alichokuwa amekificha moyoni.

"Nilimuuliza mama yangu kuhusu Magdalena. Hakuzaliwa mpigaji. Mwanzo alikuwa mama yake, kila vuli kichuguu kikimwita. Siku moja Magdalena, bado binti mdogo, akamwona mama yake anavyoteseka, akamhurumia. Akaomba." Domisiana akachezea majani ya chini. "Na huyo mama naye, inasemekana, aliomba apewe badala ya dada yake. Huko nyuma zaidi hakuna anayejua. Kama ni wachawi waliokianzisha au ni mizimu, hakuna anayejua."

"Wote waliomba wenyewe?"

"Wote. Hakuna aliyelazimishwa."

Tangu hapo Ernesta alikuwa na shauri moja tu kichwani. Vuli ikikaribia, angekwenda Murusagamba peke yake, mapema, agonge mpaka mvua imwachie, arudi. Wema asione. Asipoona hatahurumia, na asipohurumia hataomba. Alishaaga kwa mama mkwe kwamba ana safari ya kwenda kwa Domisiana. Nguo zilikuwa zimefungwa.

Mvua haikungoja. Dalili zake zilikuja kabla ya wakati wake, jioni, na si Runazi. Wala tone moja halikuanguka kwenye bati lao. Ernesta alikuwa anapepeta maharage uani alipoona umeme unamulika mbali sana, upande wa Ngara, kule Murusagamba iliko, mawingu yanajikusanya huko. Pakanuka udongo uliolowa.

Ungo ukamdondoka.

Alikimbilia chumbani, akaketi kitandani, akaikalia mikono yake. Ikajichomoa. Ikaanza kugonga ubao wa kitanda, ti-ti-ti-ti-ti, na kila ilivyogonga pumzi ilizidi kumpungua. Murusagamba ni mbali. Hata pikipiki ingeruka isingemfikisha.

Kazimili akatokea mlangoni. Aliona, akaelewa. Walitazamana, na Ernesta alimwomba kwa macho, maana hewa ya kuongea alikuwa anaibania. Kazimili akafumbua mdomo. Akaufumba. Akageuka akatoka, na Ernesta akamsikia anahangaika kuwasha pikipiki, inakataa, inakataa tena, na yeye analia kwa sauti kama mtoto.

Kilio hicho kikamleta Wema.

Alisimama kizingitini na sare zake za shule, daftari mkononi. Akatazama mikono ya mama yake. Uso wake ukabadilika polepole, kama mtu anayekumbuka ndoto.

"Mama, ni ile?"

"Nacheza tu," Ernesta akajilazimisha. "Nenda... nje..."

Wema hakwenda. Aliweka daftari chini, akasogea, akapiga magoti mbele ya kitanda. Akashika mikono ile ya moto kwa viganja vyake vidogo, akaihisi inavyoruka. Machozi yakamjaa.

"Unaumia, Mama."

Ernesta akatikisa kichwa. Akatikisa tena, kwa nguvu zote zilizobaki.

"Nipe mimi."

Ernesta akafumbua mdomo kusema hapana. Hapakuwa na pumzi ya kuisema.