Chemchemi ya Kalobwa

Jumatano, 15:20. Kashikishi.

Chumba kilikuwa nyuma ya ghala la kisense, dagaa wa ziwa hili, na kilinuka mpaka ukutani. Hénoc alichagua kukaa mlangoni. Haikusaidia. Harufu iliingia puani, ikashuka kooni, ikakaa.

Saviour alimwaga bia kidogo mezani, akaanza kuchora kwa kidole. Alikuwa Mzambia wa hapo hapo Nchelenge, zamani mchuuzi wa samaki, na Kiswahili alikuwa amekipata kwa kuwapunja Wakongo sokoni.

"Uyu njo muto Kalobwa. Mukavu. Daraja ilikufa. Motoka yote inashuka chini, inapita pa udongo, inapanda ng'ambo. Kesho asubuyi Landkruza moja inaenda kambi ya wakimbizi. Ndani kuko pampu ya sola na mapano yake kumi na mbili ya kushika jua. Mutu wa Congo anangojea na boti."

"Haitasimama," alisema Dan, dereva wao. "Ile shofere anajua kazi."

"Itasimama. Tutamwaga mayi."

Chouchou akacheka. Alikuwa mtu wa Lubumbashi, mwenye panga na kijiti cha meno, na alicheka mahali ambapo watu wengine hunyamaza. Mchezo wenyewe waliujua wote. Kwenye njia mbovu wavivu humwaga maji magari yanapopita, kisha hukaa kivulini wakisubiri kuitwa kusukuma. Lakini Saviour hakutaka bakshishi ya kusukuma. Alitaka gari zima lilale kwa tumbo.

"Udongo mweusi ya kule, juu iko sawa simiti, chini iko uji. Tunavunja juu, tunamwaga, tunafunika na vumbi. Shofere anashuka kuchimba. Sisi tunatoka na bastola."

"Na shofere?" Hénoc aliuliza.

Wakamtazama. Dereva huyo alikuwa Roger, mume wa Arlène, na Arlène alikuwa dada yake Hénoc wa tumbo moja. Siku, njia, mzigo, yote yalitoka kinywani mwa Roger Jumapili, juu ya sahani ya bukari, ugali wa kwao, aliyopika Arlène mwenyewe. Hénoc alikula akashiba, akanawa, akaenda kumwambia Saviour. Ahadi yake ilikuwa injini moja ya mtumbwi, iliyotumika. Mkono mtupu haulambwi, alijiambia, na wa kwake ulikuwa mtupu tangu avuke ziwa.

"Tunamufunga kamba," Saviour alisema. "Tunamuacha pa kivuli. Bamama ba kuni batamufungua. Damu hapana, wee. Nilikwambia."

"Na mimi asinione."

"Utafunika uso."

Hénoc akaitikia kwa kichwa. Aliamini kwa sababu alitaka kuamini.

Alhamisi, 06:10. Mto Kalobwa.

Walifika kwa njia ya wachuuzi wa samaki, inayotoka ziwani na kufuata ukingo wa upande wa kambi. Dan aliendesha Landkruza kuukuu, wazi nyuma, mapipa matano yakigongana. Maji walikuwa wameyachota gatini Kashikishi, pale pale wanawake wanapooshea matumbo ya samaki, kwa sababu Saviour hakutaka kutembea. Yalikuwa na mafuta juu. Yalikuwa na magamba.

Mto haukuwa mto. Mwaka huo mvua ilikuwa imeonyesha kisogo, na Kalobwa ilibaki ufa mpana wa udongo mweusi uliopasuka vipande. Hénoc na Chouchou walivunja gamba la juu kwa mabeleshi, urefu wa magari mawili. Kisha wakamwaga. Pipa la kwanza lilinyweka kabla povu halijatulia. La pili pia. Yalipokwisha yote matano, Dan alirudi ziwani kuyajaza tena.

Lita elfu mbili. Hénoc alizimwaga kwa mikono yake kwenye nchi ambako watoto wa dada yake waliogeshwa kwa kitambaa kilicholowa. Alitema mate, akaona hata mate ni hasara.

Walipomaliza walitandaza vumbi na nyasi kavu. Ukisimama kando ungeapa ni pakavu.

08:05.

Gari lilifichwa kichakani, ukingo wa kambi. Hénoc alipanda nyuma kutafuta kamba aiweke karibu. Aliinua gunia. Aliinua beleshi. Alichungulia nyuma ya mapipa.

"Dan. Kamba iko wapi?"

Dan akawa anaangalia kioo cha pembeni, ambacho hakikuwa na cha kuonyesha.

"Nakuuliza kamba ya kumufunga Roger."

"Uliza mukubwa."

Chouchou alitoa kijiti mdomoni. "Kamba ya nini? Mutu mwenye kuona njo mutu mwenye kusema. Wee ulifikiri tunakuya kucheza?"

Saviour alikuwa mbele, bastola mapajani, akila karanga. Hakugeuka hata kidogo. "Injini yako iko tu pale, Hénoc. Kaa chini."

Hénoc alikaa chini. Ndiyo, alikaa. Aliwaza Roger anavyotafuna polepole, anavyomwongezea shemeji yake samaki kabla ya kujipakulia. Walikuwa wamemtoa kama kuku wa wageni, na aliyewaonyesha banda ni yeye.

08:40.

Wa kwanza kuja walikuwa nyuki. Kisha vipepeo wa njano, mamia, wakatua juu ya vumbi lililotandazwa kwa ufundi, wakachora umbo lote la mtego.

"Ni nini ile?" Saviour aliuliza.

Watu wanne walikuwa wamefikiria tope usiku kucha, na hata mmoja hakukumbuka kwamba kitu walichomwaga ni maji.

Mama mmoja alitokea upande wa kambi, dumu la njano kichwani. Hénoc alimjua kwa jina: Esnart, Mbemba aliyeolewa kambini. Aliwatazama vipepeo. Akaweka dumu chini, akapiga goti, akachimba kwa kiganja. Shimo likaanza kujaa taratibu, maji meusi. Akasimama na kuwatangazia akina mama maji kwa Kibemba, kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

"Amenshi! Bamayo, amenshi!"

Walikuja kumi. Wakawa ishirini, thelathini. Beseni, sufuria, vikombe, chupa zilizokatwa. Walichimba mashimo kwa majembe, mengine ya kina cha goti, wakisubiri yajae, wakichuja kwa vitenge. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Wahenga hawakupita Kalobwa mwaka huo.

Mmoja alipata gamba la samaki kwenye kikombe, akaliinua kwenye jua.

"Muone! Samaki beko chini. Ni chemchemi ya kweli. Yesu ametuona!"

Wakaanza kuimba. Wengine walipiga magoti topeni, wakainua mikono, udongo ukiwashuka mpaka viwikoni. Hénoc aliziba mdomo. Alichukizwa na Saviour, akachukizwa na nyimbo, na zaidi ya vyote alichukizwa na mikono yake miwili. Na katikati ya kundi, kitenge cha bluu, beseni jekundu, alikuwa Arlène.

09:50.

Landkruza nyeupe ilishuka upande wa pili. Roger aliona watu, akapunguza, akasimama hatua thelathini kabla ya mtego. Akapiga honi mara moja, kwa adabu.

Saviour akatukana kwa Kibemba. "Avuke. Lazima avuke. Bale bamama nitabafukuza na risasi moja." Akamgeukia Hénoc. "Wee ni shemeki yake. Enda. Mwambie apite mukono wa kushoto, ni pakavu. Anakuamini."

"Na uso?"

"Uso ya nini sasa? Hatafika mahali ya kusema." Bastola ikapanda kidogo. "Na usisahau, dada yako yuko palepale mbele yangu."

Hénoc alishuka. Alivuka kwa kuzunguka mbali, pakavu, miguu mizito kama ameshaingia topeni. Wanawake hawakumwona. Roger alikuwa ameegemea dirisha, anatabasamu.

"Shemeki! Na wewe ulisikia habari ya mayi?"

Hapo palikuwa na maneno mawili tu ya kusema. Pita. Au rudi.

"Rudisha motoka," Hénoc alisema. "Usiangalie kule. Kichakani kuko mutu na bunduki. Banataka pampu, na banataka kukuua."

Tabasamu lilibaki usoni mwa Roger, limesahauliwa. "Nani alibaambia nitapita hapa leo?"

"Mimi."

Roger akafungua mlango. "Arlène iko ndani ya ile batu. Siwezi kurudi."

"Batakuua, Roger."

"Nimesikia." Akashuka, akasimama mbele ya gari lake, mikono mitupu, akamwita mkewe kwa jina. Arlène akainua kichwa.

10:02.

Mtu hahitaji kusikia maneno ili kujua kwamba ameuzwa. Saviour aliona Roger ameshuka, akaelewa.

"Endesha. Mbele. Tunamushika ng'ambo."

"Ni tope yetu, mukubwa," Dan alisema. "Tulimwaga siye wenyewe."

Bastola ikagusa sikio lake. Dan akatia gia.

Landkruza kuukuu ilitoka kichakani kwa kishindo. Wanawake walikimbia pembeni na mabeseni yao. Gari liliingia kwenye udongo laini, likateleza, na magurudumu ya mbele yakatumbukia kwenye mashimo yaliyochimbwa na wanawake. Pua ikazama. Dan alikanyaga mafuta, na kila alipokanyaga tope liliruka na gari likashuka, mpaka likalala kwa tumbo. Injini ikazima.

Kisha likatokea jambo ambalo Hénoc angependa kulisahau. Wanawake waliweka mabeseni chini, wakaja kusukuma. Gari limekwama, watu wanasukuma, ndivyo walivyolelewa. Waliinamia mlango wa nyuma, mabega tayari, mmoja akihesabu. Moja, mbili.

Esnart hakusukuma. Alikuwa anaangalia ndani. Mapipa matano, bado mabichi kwa maji. Mabeleshi yenye udongo mweusi. Magamba yamebandika chuma chote. Akaingiza mkono ndani ya pipa, akaunusa.

"Ni mayi ya Kashikishi," alisema polepole, kwa Kiswahili, ili wote waelewe. "Bale banaleta mayi ya kuosha matumbo. Hakuna chemchemi."

Mabega yakatoka kwenye gari, moja baada ya lingine.

Chouchou aliruka, akakimbia kufuata ukingo, panga likabaki kitini. Dan akamfuata. Saviour alishuka na bastola, akazama mpaka magotini, akajaribu kugeuka, akazama zaidi. Alimlenga Hénoc ng'ambo ya mto.

"Mbwa weye!"

Risasi ilipita pembeni. Ilitoboa dumu la njano la Esnart, na maji yakaanza kuchuruzika ardhini, mbele ya watu thelathini.

Hakupata nafasi ya pili. Walimwendea kwa nyuma, mahali asipoweza kugeukia, na beseni, na mpini, na ngumi. Walikandamiza uso wake kwenye tope lile lile. Waliokuwa wanaimba dakika ishirini zilizopita walipiga kwa pumzi fupi, bila neno. Hénoc hakufurahi. Aliinama, akatapika. Ni Roger aliyeingia katikati akipiga kelele, akawang'oa mmoja mmoja, akamvuta Saviour kwa kola, pua imevunjika, mdomo umejaa udongo, bado hai.

12:40.

Polisi walichelewa, kama kawaida yao. Saviour alilala kwenye ukingo, amefungwa kwa vitenge vitatu. Hénoc alikaa kando yake bila kufungwa. Hakukimbia. Angekimbilia wapi, na nchi nzima ni kavu?

Wanawake walikuwa wamekata matawi, wakatandika njia kwenye udongo mgumu, juu kidogo ya mtego, kusudi pampu ivuke. Hakuna aliyeimba. Na kando ya mtego wengine walikuwa wamerudi kuchota. Walijua sasa ni maji gani. Walichota vilevile.

Arlène alikuja na beseni kichwani. Alilishusha mbele ya Hénoc kwa uangalifu, lisimwagike.

"Roger anasema wewe njo ulibaambia."

"Njo miye, dada."

"Pa meza yangu."

"Ndiyo."

"Anasema tena wewe njo ulimuokoa."

Arlène alichovya kikombe ndani ya beseni, akakitoa kimejaa, rangi ya kahawa mbaya, mafuta yakielea juu.

"Nitaichemusha," alisema. "Kuni ziko. Lakini mutoto wangu atakunywa iyi mayi leo. Anza weye."

Hénoc alikitazama. Alimtazama dada yake, na kwa mara ya kwanza tangu utoto hakuona hasira usoni mwake, wala huruma, wala chochote cha kushika.

Akanywa. Alikunywa chote, kwa sababu dada yake alikuwa amesimama pale anangoja kikombe chake. Arlène alikipokea, akakifuta kwa pindo la kitenge, akajitwika beseni, akaenda kusaidia kusukuma gari la mumewe.