Kibanda cha Kuku cha Nafula

Wazazi wenzangu wa mtaa wa Pipeline, tegeni sikio. Jumamosi ile ilianza vizuri. Wanyonyi, fundi wa kompyuta, alikuwa ameketi sakafuni kwake ghorofa ya sita, akimuundia bintiye kompyuta. Si ya dukani, la! Sanduku lake alilichonga mwenyewe kwa mbao, mfano wa kibanda cha kuku cha kukhu, nyanyake Nafula kule Bungoma. Lilikuwa na paa, kijimlango, na matundu mawili ya feni. Nafula, wa miaka tisa, ndiye aliyeomba iwe hivyo. Mamake, Nakhumicha, alikuwa kwenye zamu kiwandani.

"Na jogoo wa juu ya paa awe mwekundu, baba," alisema Nafula akimpa gundi.

"Mwekundu pyu, mama."

Nafula alikuwa na pumu. Wanyonyi alijua, mtu asinidanganye kwamba hakujua. Jirani akiwasha jiko la makaa kwenye korido, mtoto yule alilala ameketi.

Lakini rangi ya kupuliza haitaki vumbi, na vumbi la Pipeline mnalijua. Ng'ambo kulikuwa na jengo jipya linapanda, saruji inapepea kutwa. Rangi ilikuwa imemharibikia mara mbili. Basi akafunga dirisha, akaziba chini ya mlango kwa taulo lililoloa, akamwambia mtoto, "Ingia chumbani, harufu isikupate."

Chumbani! Nyumba ilikuwa chumba kimoja. "Chumbani" ni kitanda kilicho nyuma ya pazia. Sisi wa nyumba hizi tumelizoea pazia, tukaliita ukuta, na mwishowe tukaamini ni ukuta kweli.

Akapuliza. Kikohozi kikaanza.

"Baba, kifua kinanibana."

"Vuta dawa yako, mama. Nimebakisha paa tu."

Mlango ukagongwa. Alikuwa Saado, jirani wa mlango wa pili. "Baba Nafula! Harufu imejaa mpaka kwangu. Mtoto yuko wapi? Wallahi, fungua dirisha!"

"Dakika kumi tu, Saado. Nikifungua sasa, vumbi litaniharibia kazi yote."

Saado akaenda zake akinung'unika. Wanyonyi akamaliza paa, akampaka jogoo wekundu wake. Nyuma ya pazia kikohozi kikapungua, kisha kikakoma. Ole wake, alifurahi! Alidhani mtoto amepitiwa na usingizi.

Rangi ilipokauka alifungua dirisha, akaiwasha mashine. Feni zikazunguka, taa za manjano zikawaka ndani ya kibanda. Ilipendeza, siwezi kusema uongo.

"Nafula! Njoo uone kuku wako!"

Akavuta pazia. Mtoto alikuwa ameegemea ukuta, midomo imegeuka rangi, kichupa cha dawa kimemwangukia mapajani. Kilikuwa kitupu. Hakuna aliyekitazama wiki nzima.

Alimbeba akashuka naye mbio, Saado mbele akipiga kelele watu wapishe ngazini. Hospitalini daktari alimpima pumzi, hakuipata. Walikuwa wamechelewa.

Nakhumicha alifika na aproni yake ya kazini. Hakulia kwanza. Aliuliza tu:

"Alikohoa?"

"Alikohoa."

"Nawe ulimsikia?"

Wanyonyi angeweza kudanganya. Nani angejua? Lakini alimtazama mkewe, machozi yakamtoka.

"Nilimsikia, Mama Nafula."

Jioni ile Nakhumicha aliling'oa lile pazia. Kutoka pale Wanyonyi alipopulizia rangi hadi kitandani zilikuwa hatua nne.

FUNZO

Wazazi, Wanyonyi hakuwa mlevi wala mkatili. Alimpenda mtoto wake, lakini aliiangalia zawadi akamsahau mwenye zawadi. Mtoto akisema kifua kinabana, weka chini ulichoshika, hata kama unamtengenezea yeye. Kagua dawa yake kabla haijaisha. Rangi ipulizie nje. Jirani akibisha, msikilize. Rangi ikiingia vumbi hupakwa upya. Nafula hatarudi.